Moshi wa Bwana Mifugo

Jumapili baada ya misa, ukipita nyuma ya ile nyumba ya serikali pale Nkwenda, ungemkuta Bwana Mifugo amesimama kando ya jiko lake, mikono nyuma, hafanyi kitu. Nyama iko kwenye sinia juu ya kigoda, imefunikwa kwa jani la mgomba. Jiko limewashwa zamani na moshi unatoka. Yeye anautazama tu. Mgeni angedhani amesahau kwamba ana nyama. Sisi majirani tulijua anasubiri, na kwamba mwenye njaa ajitafutie kiazi.

"Bwana Mifugo, bado tu?" mama yangu alikuwa akimwuliza kutoka upande wetu wa ua wa minyaa.

"Mama Deo, unauona moshi?"

"Nauona."

"Ukiuona, bado."

Maneno hayo yaliingia katika mazungumzo ya Nkwenda. Mtu akiulizwa kama ndizi zimeiva jikoni, alijibu, "Ukiuona, bado." Mchumba akichelewa kuleta mahari, wanawake kisimani waliambizana hivyo hivyo na kucheka. Yeye mwenyewe hakucheka. Aliona amesema jambo la kawaida, akashangaa kwa nini watu wanalirudia.

Jina alikuwa nalo, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Hata mkewe, Mama Koku, alimwita Bwana Mifugo mbele za watu. Aliletwa kwetu mwaka ule wa vita, wafugaji wa mpakani walipokuwa wakiswaga ng'ombe wao kuja huku ndani na serikali ikihitaji mtu wa kuwapima. Wakati huo wilaya yetu ya Kyerwa yote ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasaidia kazi za shamba letu la kahawa. Baba alikwisha kufariki, na kaka yangu Deo ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba.

Jiko lenyewe halikuwa jiko ambalo mtu yeyote kwetu alikuwa amewahi kuliona. Lilikuwa mtungi mkubwa wa udongo, wenye tumbo pana, umetobolewa tundu chini pa kuingizia hewa, na kifuniko chenye tundu jingine pa kutokea moshi. Ndani yake, juu ya mkaa, alilaza wavu wa chuma aliotengenezewa na fundi baiskeli. Alikuwa ameona kitu cha namna hiyo mahali fulani alipokuwa masomoni, akarudi nacho kichwani, akamwendea bibi mmoja mfinyanzi aliyekaa bondeni karibu na mafunjo.

"Wewe unataka chungu kinachopumua," bibi alimwambia. "Vyungu havipumui."

"Hiki kitapumua."

"Kitapasuka."

Kilipasuka. Siku ya kwanza alikijaza mkaa mpaka mdomoni, na kabla nyama haijaguswa kikatoa kishindo, kuku wakatawanyika mpaka kwetu. Alikwenda kwa bibi amekunja uso. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama yeye angemnywesha ndama wa siku moja debe zima la maziwa. Kwa kuwa swali lilihusu ndama, Bwana Mifugo alilazimika kulijibu kweli. Alirudi na mtungi wa pili, akaupa moto mdogo, akauacha upoe, akaupa tena kesho yake, na kesho yake tena, mpaka udongo ukazoea. Huo ndio uliodumu.

Mkaa aliununua kwa watu walioupakia kwenye baiskeli kutoka upande wa Ihanda. Gunia likifika, alilimwaga juu ya mkeka na kukaa chini mbele yake kama mwanamke anayechambua maharage. Alichukua vipande viwili, akavigonganisha. Kikilia kama sahani ya udongo, kilikwenda upande wake wa kulia. Kikitoa sauti nzito, alikivunja, akakuonyesha moyo wa kahawia ndani.

"Hiki hakijawa mkaa," alikuwa akisema. "Hiki ni kuni imevaa nguo nyeusi."

Hivyo ndivyo vilivyotoa moshi mweupe, alisema, ule mzito unaoacha uchungu kwenye ulimi. Vumbi la chini ya gunia alilitupa kwenye migomba, maana likiingia jikoni linaziba njia za hewa na moto unaanza kukohoa. Mafuta ya taa hakuyakaribisha hata kidogo. Aliwashia magome makavu na vijiti vya mbuni, yaani mti wa kahawa, akaweka moto juu ya mkaa badala ya chini yake, akafungua matundu yote mawili, kisha akarudisha mikono nyuma.

Ndipo kilipoanza kile tulichokiita misa ya pili. Moshi wa kwanza ulitoka mweupe na mzito, kama wa takataka mbichi. Ukageuka kijivu. Ukapungua, ukawa uzi mwembamba wenye rangi ya bluu ambao ungeuona tu ukitazama ukiwa na giza la migomba nyuma yake. Mwisho ulibaki mtetemo wa hewa juu ya kifuniko. Hapo alipitisha kiganja juu ya tundu, akakinusa. Kikinuka uchungu, alisubiri. Kikinuka joto tu, alitupia kipande kimoja cha shina kavu la mbuni mzee, akalaza nyama.

Wengine tulipoona moto unalegea tuliongeza mkaa. Yeye aliongeza hewa. Alisema moto mdogo unaopumua ni bora kuliko moto mkubwa uliozibwa mdomo, na kwamba moshi mweupe ni wa kuita wageni, si wa kuwalisha. Kuhusu hilo alikuwa sahihi. Nyama yake haikuwa nyeusi. Ilikuwa na rangi ya udongo wa kwetu baada ya mvua, na ilinukia kwa mbali kitu ambacho mama yangu alisema ni maua ya kahawa. Mimi nilidhani mama anazidisha, lakini sikuwahi kupata neno jingine.

Mtu akisikia hayo atafikiri ninaeleza habari za mtu mwenye subira. Hapana. Subira yake yote iliishia kwenye jiko. Mnyororo wa baiskeli yake ukitoka, aliipiga baiskeli teke na kuitukana kwa Kihaya, kisha akatembea kwa miguu akiikokota kana kwamba anaipeleka polisi. Misani alifika katikati ya mahubiri, halafu akamlalamikia katekista kwamba mahubiri ni marefu. Sigara alizivuta mfululizo, huyo huyo aliyeweza kulikataa jiko la mwanamke wa watu kwa sababu ya vumbi la mkaa. Na alikuwa anaogopa mbwa. Alikuwa akiingiza mkono wake mpaka begani ndani ya ng'ombe anayezaa kwa shida, lakini siku ya kuchanja mbwa alisimama juu ya meza na kuchoma sindano kwa kuinama, huku wenye mbwa wakiwashika wawili wawili.

Ilikuja miaka ya shida, chumvi ikawa kitu cha kutafutwa. Aliichoma nyama bila chumvi, akatuhubiria kwamba chumvi ni udanganyifu wa wapishi wabovu. Ilipoanza kupatikana tena madukani, nilimwona kwa macho yangu akiimwaga kwa kiganja.

"Si ulisema chumvi ni udanganyifu?" Deo alimwuliza.

"Kidogo," alijibu, akaendelea kumwaga.

Wakati huo yeye na Deo walikuwa marafiki. Deo alikuwa kijana wa kuchangamka, mwenye maneno, mfanyabiashara wa kuvuka mpaka na kurudi na sabuni na vitambaa. Alikuwa na ruhusa ya kumkatiza Bwana Mifugo na kumtania kuhusu mbwa. Urafiki huo ulivunjika siku ya harusi yangu.

Kazi ya Bwana Mifugo iliyomfanya achukiwe ilikuwa ile ya machinjioni. Alikata ini, akakata mapafu, akatazama, na nyama ikifaa aliigonga muhuri wa rangi ya zambarau. Isipofaa ilifukiwa. Aliimwagia mafuta ya taa kwanza ili watu wasije wakaifukua, na katika miaka ile mafuta ya taa yenyewe yalikuwa yakilindwa kama dawa, kwa hiyo watu walilia mara mbili: walililia nyama, wakayalilia mafuta.

Deo ndiye aliyenunua ng'ombe wa harusi yangu. Alikuwa dume mnene, mweusi, na Deo alimtembeza barabarani kabla ya kumfunga ili watu wamwone. Asubuhi ya siku yenyewe alichinjwa nyuma ya nyumba yetu. Bwana Mifugo akaja na kisu chake, akainama juu ya mapafu, akakata, akakata tena. Nilikuwa dirishani, shangazi ananisuka. Nilimwona akifuta kisu kwenye majani.

"Ng'ombe huyu haliwi," alisema.

Deo alicheka, akidhani ni utani. "Wageni wako njiani, Bwana Mifugo."

"Wageni watakula ndizi."

"Basi kata sehemu mbovu utuachie nzuri."

"Ugonjwa umeenea. Ingekuwepo sehemu nzuri, ningekuachia."

Mama alitoka, akapiga magoti mbele yake pale kwenye majani yenye damu. Alimwita baba, alimwita waitu, neno letu la heshima, alimwambia binti huyu hana baba na leo ndiyo siku yake ya pekee. Bwana Mifugo alimshika mkono akamwinua. Kisha akaenda nyumbani kwake, akarudi na chupa ya mafuta ya taa.

Deo ndiye aliyechimba shimo. Hakumruhusu mtu mwingine ashike jembe. Alichimba mpaka shati likalowa, na alipomaliza alimtazama yule mtu akasema taratibu, "Umeizika harusi ya dada yangu."

Wageni walikula ndizi na maharage, na kuku wachache waliokimbizwa na vijana mpaka wakakamatwa. Watu wa Ihanda, upande wa mume wangu, walikuwa wastaarabu, wakasifia maharage, na sifa hizo ziliniuma. Katikati ya yote hayo, Bwana Mifugo akatokea. Alikuwa na mwaliko, na kwa kuwa alikuwa na mwaliko alivaa koti lake, akaja na mkewe, akakaa kiti alichopangiwa, akala maharage. Deo alipokuwa anagawa rubisi, pombe yetu ya ndizi, alimruka. Alimmiminia Mama Koku, akammiminia aliyekaa baada yao. Bwana Mifugo aliweka kikombe kitupu chini ya kiti na kuendelea kusikiliza hotuba.

Zawadi aliyoniletea ilikuwa gunia la mkaa. Shangazi alilitazama, akasema huyo mtu kichwa chake kimeungua. Mimi nililia, ingawa watu walidhani nalia kwa sababu ya kuondoka nyumbani.

Tulilipeleka Ihanda kwa sababu mume wangu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Majuma ya mwanzo ya ndoa mvua ilinyesha bila kukoma, kuni zote zikalowa, na mama mkwe akawa anapika huku amejifunga khanga usoni. Nikalifungua lile gunia. Vipande vyote vilikuwa na ukubwa wa ngumi, vimepanguswa, na chini ya gunia hapakuwa na vumbi. Nikavigonganisha viwili, vikalia. Mama mkwe alikaa karibu na jiko lile, khanga imeshuka mabegani, akaniuliza mkaa huu umetoka wapi, mkaa usiowaliza watu. Nikamwambia umetoka kwa jirani. Sikutaka kusema zaidi.

Miaka mingi Deo na Bwana Mifugo hawakusalimiana. Walitenganishwa na ua wa minyaa tu, wakapishana barabarani kila siku kama watu wasio na lugha moja. Mama aliendelea kumsalimia, kwa sababu mama hakuweza kuacha kumsalimia mtu. Mimi nilizaa, nikalea, nikawa mtu wa Ihanda.

Kisha Deo akarudi kutoka safari zake akiwa amekonda. Mwaka ule hapakuwa na ukoo kwetu ambao haukuwa na mtu aliyerudi namna hiyo, lakini kila nyumba ilijifanya ni yake peke yake. Ugonjwa haukutajwa jina. Mama alinitumia ujumbe, nikamwacha mume wangu na watoto kwa mama mkwe, nikarudi Nkwenda kusaidia kuuguza.

Nilikuta njia ya kuingia kwetu imeanza kuota majani. Marafiki wa Deo waliokuwa wakinywa kwake walituma salamu. Waliokuja walisimama uani, wakaulizia hali kutoka huko huko, wakasema wana haraka. Mwanamke mmoja aliyemwazima mama ungo alimwambia abaki nao tu.

Siku moja nikiwa naanika nguo karibu na ua, nilimsikia balozi wetu wa nyumba kumi akizungumza upande wa pili.

"Wewe ndiye mtaalamu wa magonjwa hapa," balozi alisema. "Ng'ombe akiugua unatuambia huyu atengwe, yule asiliwe, na tunakusikiliza. Sasa watu wanauliza kuhusu huyu kijana. Atengwe?"

"Watu gani?"

"Watu."

Nilimsikia akiwasha kiberiti, akivuta sigara.

"Mimi ni wa mifugo," Bwana Mifugo alisema. "Mtu simpimi. Mtu namtembelea."

Jumapili iliyofuata alipita kwenye uwazi wa ule ua akisukuma toroli, na ndani ya toroli limo jiko. Mama Koku alikuwa nyuma yake amebeba sinia. Alisimama mbele ya mama yangu, akavua kofia.

"Mama Deo, naomba kuchoma nyama hapa kwenu."

"Karibu, waitu," mama alisema. Alisema hivyo tu, kisha akaingia ndani haraka.

Deo aliyasikia magurudumu. "Mwambieni aondoke," alisema kutoka kitandani. Dirisha lilikuwa wazi na sauti yake, ingawa ilikuwa imepungua, ilifika nje. Bwana Mifugo alikuwa anachambua mkaa. Aliendelea kuchambua.

Shida ya Deo ilikuwa harufu. Jiko letu lilikuwa la mafiga matatu na kuni za mvua, na chochote kilichopitia moshi ule kilimgeuza tumbo. Alikuwa anaishi kwa uji, halafu uji nao akaanza kuukataa, anasema unanuka moshi. Alikuwa akififia kwa njaa mbele yetu huku chakula kipo. Mama alikuwa anapika, anamwaga, anapika tena.

Siku ile Bwana Mifugo alifanya yote kama alivyozoea. Alisubiri moshi mpaka ukatoweka, akanusa kiganja, akatupia kipande chake cha mbuni, akachoma nyama ya mbuzi laini kabisa. Nikampelekea Deo. Aliifikisha karibu na mdomo, akageuka, akatapika hata kile kidogo alichokuwa nacho tumboni. Nilipotoka na beseni, Bwana Mifugo alinitazama usoni.

"Amesema nini?"

"Inanuka moshi."

Nilimwona akiumia. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Alikaa kwenye kigoda, akaionja nyama iliyobaki kwenye sinia, akainusa, akamwita mkewe ainuse. Kisha akasema, kama anayejisemesha, "Kwangu ni safi. Kwa mgonjwa si safi."

Jumapili ya pili alikuja na mabadiliko. Kipande cha mbuni, ambacho ndicho kilichokuwa fahari yake, hakukileta. Mafuta yote ya nyama aliyakata ili yasidondokee mkaa na kufuka. Aliliweka jiko mbali na dirisha, akatundika uzi wa mgomba kwenye mti apate kujua upepo unakoelekea. Na alisubiri muda mrefu zaidi, akichungulia tundu la chini, akiondoa majivu kwa kijiti, mpaka mama akaniuliza kwa sauti ndogo kama moto haujazimika. Sigara hakuwasha. Nilikuja kujua kwamba alikuwa ameacha kuvuta tangu jana yake, ili asiingie kwa mgonjwa akinuka.

Safari hii sahani aliibeba mwenyewe. Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Deo alikuwa ametazama ukuta.

Mimi nilikuwa mlangoni, sijui niingie au nitoke.

"Hiyo nyama imepimwa?" Deo aliuliza bila kugeuka.

"Imepimwa."

"Na nani?"

"Na mtu mmoja mkorofi sana."

Mabega ya Deo yalianza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Bwana Mifugo akamwinua, akamwegemeza kifuani kwake mpaka kikapita. Kisha Deo akachukua kipande kidogo, akakinusa, akasubiri, akala. Alikula vipande vitatu, vinne. Mama alikuwa nyuma yangu. Alinishika mkono akanibana mpaka kucha zake zikaingia.

Tangu hapo Jumapili zote zilikuwa hivyo. Siku Deo alipokuwa na nguvu, Bwana Mifugo alimbeba mgongoni mpaka kwenye mkeka, na mkeka huo aliutandika mbele ya mlango, mahali ambapo kila anayepita barabarani ataona. Wakala kutoka sahani moja, mikono yao miwili ikigongana. Balozi alipita, akasalimia kwa mbali kama wengine.

"Karibu, Balozi," Bwana Mifugo alimwita. "Ipo ya kutosha."

Balozi alisimama. Nilimwona akitazama nyuma, akitazama mbele. Kisha akavua viatu, akaja kukaa, akachukua kipande kimoja, akakila taratibu huku jasho linamtoka. Hakuja kila Jumapili, lakini alikuja, na baada yake wakaja wengine wachache. Ungo ulirudishwa na kuazimwa tena. Wapo ambao hawakuja kamwe, na siwahesabu kuwa wabaya. Tuliogopa sote. Mimi pia nilikuwa nikinawa mikono zaidi ya ilivyohitajika.

Nilidhani watazungumza mambo mazito, lakini walizungumzia samaki wa Muleba, ambao Bwana Mifugo aliwasifu kana kwamba hakuna ziwa jingine duniani, na mbwa, na baiskeli. Habari ya ng'ombe niliisikia mara moja tu.

"Ungeniachia hata paja moja," Deo alisema.

"Nisingekuachia."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Deo akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine. Uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyeulizia bei ambayo tayari anaijua.

Deo alifariki kahawa zilipokuwa zinaanza kuwa nyekundu. Alikuwa bado anakula kidogo kidogo mpaka wiki ya mwisho, na mama aliishika faraja hiyo mpaka naye akafa: mwanangu hakuondoka na njaa. Mazishini Bwana Mifugo alichelewa, kama kawaida yake, akafika na matope kwenye viatu wakati udongo unarudishwa. Alipokea koleo kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu, akafukia mpaka mwisho. Baada ya hapo Jumapili nyingi zilipita jiko lake likiwa limefunikwa. Lilipowashwa tena, mama aliona moshi wake juu ya ua, akatoka nje, lakini hakuuliza kama bado.

Alipostaafu tulijua ataondoka kwenda Muleba. Mtu aliyewasifu samaki wa huko miaka yote ile angekwenda wapi kwingine? Akahamia Nyakasimbi, kwa ndugu za Mama Koku, akapanda migomba. Watu walipomwuliza, alisema samaki siku hizi wana miiba mingi.

Mara ya kwanza nilipokwenda kumwona huko, ulikuwa umepita muda mrefu. Ilikuwa ile miaka ambayo wakimbizi walijaa Karagwe, na mabonde niliyoyajua yana miti nikayakuta yamebaki wazi. Mama Koku alinipokea nje, kabla sijafika barazani. Alikuwa amezeeka vizuri, mwembamba, macho makali.

"Usishtuke," aliniambia. "Siku nyingine ananijua. Siku nyingine ananiita mama yake."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Mikono ilikuwa juu ya magoti, imetulia. Nilipiga goti.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba." Alinitazama kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Umekuja kwa ajili ya ng'ombe?"

Nilimtazama Mama Koku. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Ndiyo, Bwana Mifugo."

"Ana nini?"

Sikuwa na ng'ombe. Nilisema yaliyonijia. "Hataki kula."

"Tangu lini?"

"Imekuwa muda sasa."

"Macho yake?"

"Yameingia ndani."

"Anasimama?"

"Kwa shida. Na anakohoa."

Alifikiri. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa koti, ukatafuta kitu ambacho hakikuwemo, ukarudi kwenye goti. Kuku walikuwa wanaparura chini ya mibuni. Nilitamani nimwambie mimi ni nani, nimtajie Nkwenda, nimtajie nyumba yetu, lakini alikuwa kazini, na sikuweza kumkatiza.

"Dawa sina," alisema mwishoni. "Zimekwisha, na sijui zitaletwa lini. Sasa sikiliza. Mtoe juani. Mpe maji kidogo kidogo, asipotaka usimlazimishe. Na ukae naye. Watu wanafikiri mnyama akiugua anataka kuachwa peke yake. Si kweli. Anataka kusikia kuna mtu."

"Nitakaa naye."

"Wewe mwenyewe. Usitume mtu."

"Mimi mwenyewe, Bwana Mifugo."

Aliridhika. Alimgeukia mkewe, akamwambia mama huyu ametoka mbali, apewe chai. Tulikunywa chai pale barazani, watatu, mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye migomba. Mama Koku alinisindikiza hadi njiani, akanishika mkono muda mrefu, akaniomba nirudi.

Nilirudi. Baada ya masika nikarudi tena, na nikaendelea kwenda mpaka siku niliyokwenda kwa mazishi. Jina langu hakulipata kamwe. Lakini kila nilipofika, kabla hata sijakaa, aliniuliza yule ng'ombe anaendeleaje, nami nilimwambia amesimama, anakula.